Figili Zilizofungwa kwa Waya

Agosti 11

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku wote ni wazima. Mama anakusalimu na anasema ukitaka kukonda huko unakojenga daraja uombe ruhusa kwake kwanza, maana dada mkubwa ni yeye. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anajifanya hawezi tena kusoma kwa sauti. Mimi shule imefunguliwa na nimepata kiti cha nyuma, karibu na kabati la vitabu, kama nilivyotaka.

Tangu uondoke na lori la saruji nimekuwa nikiingia kwenye nyumba yako ya vioo kila asubuhi kabla ya shule. Nje baridi bado ipo, nyasi zinaamka nyeupe. Lakini ndani mle, nikishafunga mlango, miwani yangu inaingia ukungu na inabidi nisimame nisubiri mpaka nione tena. Napenda sana huko kusubiri. Kunanuka udongo uliolowa na chuma ulichochomelea.

Nimefuata ulivyoagiza. Nyanya na hoho nimezisia kwenye trei, matango kwenye vikopo vya maziwa, figili na saladi moja kwa moja kwenye tuta la karibu na mlango. Kitabu cha maktaba kinasema mbegu ya nyanya ifunikwe kwa udongo wenye unene mara mbili ya mbegu yenyewe, kwa hiyo nilipima kwa rula. Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Kuna jambo moja nataka kuuliza. Siku ya kuondoka ulisema mavuno ya kwanza ya kila kitu yapelekwe kwa Fundi Cherehani, ng'ambo ya barabara, kabla hata sisi wenyewe hatujaonja. Nikasema sawa. Ila hukusema nimwambie nini nikifika. Je, ni lazima nimwambie kitu?

Mama anasema huko korongoni simu hazishiki, na barua zitakuwa zinakwenda na dereva wa lori. Nitajitahidi kuandika kwa mwandiko unaosomeka.

Mpwa wako


Agosti 29

Profesa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika imejaa vumbi la saruji, nikaisoma huku napiga chafya. Mwambie dada sijakonda. Mpishi wetu hapa akishika chupa ya mafuta huwa anasahau kuiachia. Na huyo mdogo wako mwambie meno hayasomi, macho ndiyo yanayosoma.

Daraja linakwenda. Kutwa nipo juu ya nguzo nachomelea, nimefungwa mikanda kama gunia. Nimepanda vitunguu kwenye debe nje ya hema na wenzangu sasa wananiita Mkulima. Nimekubali cheo.

Rula sawa, lakini usiwaulize miche wana sentimita ngapi kila siku, watakuchoka. Mwagilia asubuhi. Jua likipanda fungua dirisha la juu, na ulifunge kabla halijashuka. Ule waya mwembamba wa shaba uliotundikwa nyuma ya mlango ni wa kufungia nyanya kwenye vijiti zikirefuka. Utumie utakavyo, upo mwingi.

Sasa, huyo fundi. Ni jirani tu, Profesa. Jirani mwema. Mwaka jana zipu ya koti langu ilikwama siku ya mvua, akaitengeneza hapo hapo mlangoni pake nikiwa nimelivaa, akaniambia nisipumue. Sikupumua. Basi mtu wa namna hiyo anastahili figili, au siyo? Mwambie zimetoka kwenye nyumba ya vioo, inatosha, usiongeze kitu. Halafu uniandikie alivyojibu, neno kwa neno, na kama anaonekana mwenye furaha, na kama bado ana ile tabia ya kuweka chaki sikioni. Ni kwa ajili ya ujirani tu.

Mjomba wako


Septemba 16

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani hatujambo. Mama amepandishwa kuwa msimamizi wa tanuri pale kazini kwake kwenye mikate na sasa anatusimamia na sisi. Mdogo wangu ameota jino moja, limekuja limekaa upande.

Figili zimetoka! Niliingia asubuhi nikaona mabega yao mekundu juu ya udongo, nikapiga kelele peke yangu, halafu nikaona aibu ingawa hapakuwa na mtu. Saladi nayo ipo tayari. Tatizo ni nyanya. Kitabu kinasema miche dhaifu ing'olewe ili yenye nguvu ipate nafasi. Nilikaa na trei mapajani kwa muda mrefu nikashindwa kumchagua wa kufa. Kwa hiyo nimeihamisha yote kwenye vikopo. Vikopo vimejaa kwenye rafu, chini ya rafu, na dirishani jikoni. Mama anauliza kama tunafungua shule ya nyanya.

Figili nimepeleka, na saladi pia. Nilizifunga kwenye gazeti na kuzungushia ule waya wa shaba ili zisimwagike. Zilipendeza kama zawadi ya dukani. Zimefika salama.

Mama ameniuliza kwa nini barua yako ina fundi mwingi kuliko daraja. Nikamwambia labda daraja bado halijakamilika.

Mpwa wako


Oktoba 3

Profesa,

Marahaba. Mpe dada hongera, na uwe mwangalifu, mtu akishasimamia tanuri anaanza kutazama watu wote kama mikate.

Unasema zimefika salama. Hata kifurushi cha posta hufika salama! Nilikuuliza alisema nini. Au hakusema kitu? Au alisema kitu ambacho hutaki kuniandikia? Niambie tu, mimi ni mtu mzima, nachomelea vyuma juu ya korongo.

Miche yote umeiacha hai? Haya. Gawia majirani itakayozidi, na iliyobaki uifunge vijitini. Ikitoa maua, kumbuka humo ndani hakuna upepo. Gonga mashina polepole kwa penseli wakati wa mchana, maua yatikisike, la sivyo utapata majani mazuri na nyanya hakuna. Matango ndiyo yenye shida zaidi, hayo yanataka mtu wa katikati. Kitabu chako kitakueleza.

Kuna habari nyingine. Msimamizi ananitaka kwenye daraja jingine, mbali zaidi ya hapa, miaka miwili. Anataka nisaini mwanzoni mwa Desemba. Zamani ningesaini kabla hajamaliza sentensi, dada ananijua. Safari hii nimemwambia nafikiri. Kama huko nyumbani hakuna anayenisubiri isipokuwa nyanya, basi nitakwenda, nyanya mtazila ninyi. Kama yupo, hilo ni jambo lingine. Usimsomee dada sehemu hii.

Mjomba wako


Oktoba 21

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima. Sikumsomea Mama ile sehemu, aliisoma mwenyewe nikiwa bafuni. Jioni alikuwa anaimba.

Kwanza habari njema. Joto limekuja na nyumba ya vioo imekuwa msitu. Nyanya nazigonga kila mchana nikitoka shule, na zimeshika, zipo za kijani kama gololi. Matango nimeyasoma. Ua dume lina bua tupu, ua jike lina kitango kidogo nyuma yake. Nachukua brashi ya rangi ya mdogo wangu, nachota chavua ya njano huku napeleka kule. Nimekuwa mshenga wa matango, Mjomba, na naona nina kipaji. Wiki hii tumevuna ya kwanza.

Sasa tafadhali kaa chini, na kama uko juu ya nguzo, shuka.

Sijawahi kusema na Fundi Cherehani hata neno moja. Nikifika mlangoni pake miguu inafika lakini mdomo unabaki nyumbani. Basi nikawa naweka kifurushi kizingitini asubuhi na kukimbilia shule. Nilidhani anajua, kwa kuwa mwenye nyumba ya vioo mtaani ni wewe peke yako.

Hajui. Jumamosi nilipita pale nikamsikia akimwambia mteja, "Mwanamume ananiletea mboga kila wiki na anazifunga kwa waya wake wa redio, wala hata hajifichi!" Ule waya wako wa shaba, Mjomba. Anadhani mboga zinatoka kwa Bwana Redio, yule mtengeneza redio wa chumba cha jirani na chake. Na amemshukuru. Amemshonea shati la bluu lenye kola iliyosimama. Bwana Redio naye hajui kwamba ni kwa ajili ya mboga, ila amefurahi sana. Juzi alimwambia Mama pale kwenye mikate, "Yule fundi siku hizi ananijali." Ameanza kupaka nywele mafuta.

Nifanye nini? Niseme? Nisiseme? Lori linaondoka kesho. Nasubiri jibu lako.

Mpwa wako


Novemba 2

Profesa,

Marahaba. Hamjambo wote? Mimi sijambo. Vitunguu vya kwenye debe vimekubali.

Usifanye kitu. Bwana Redio ni mtu mzuri, hana makuu, na yupo hapo hapo, ukuta kwa ukuta. Mimi nipo juu ya korongo. Kama mwenzetu amempata wa kumshonea kola, tusimharibie.

Wala usijilaumu. Wewe umeshindwa kusema kwa wiki kadhaa. Mimi nilipita mbele ya mlango ule mwaka mzima, nikasema habari za zipu tu. Barua hii nimeiandika mara mbili, ya kwanza ilikuwa na maneno mengi.

Msimamizi ameuliza tena. Nitampa jibu lake. Hayo matango mle ninyi, na umsalimie dada.

Mjomba wako


Novemba 16

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Wote wazima, na jino la mdogo wangu limenyooka.

Barua yako ya kuniambia ninyamaze imefika leo. Dereva anasema lori lilizama kwenye tope na wakalisubiri tope likauke. Kwa hiyo imechelewa, Mjomba. Nimeshasema.

Nilisubiri jibu lako mpaka nyanya zikaiva. Ya kwanza ilikuwa ile ya karibu na dirisha, siku iliyofuata zikaiva nyingine sita pamoja, kana kwamba zimeambiana. Nikawaza, hizi nikiziweka kizingitini, Bwana Redio atashonewa suruali. Nikazitia kwenye bakuli, bila gazeti, bila waya. Nilikuwa nimeandaa sentensi nzuri sana, ndefu, yenye "kwa heshima na taadhima". Niliirudia barabara nzima.

Nilipoingia ilipotea yote.

Hujawahi kuingia ndani ya chumba kile, nadhani. Kuna cherehani mbili, moja ina kitambaa juu yake kama mtu aliyelala. Vipande vya nguo vimejaa sakafuni, vya kila rangi. Yeye alikuwa amepiga magoti anapima pindo la mteja aliyesimama juu ya stuli, pini mdomoni, chaki sikioni. Na kwenye benchi, akinywa chai ndani ya shati la bluu, alikuwepo Bwana Redio.

"Karibu, mwanangu," Fundi akasema katikati ya pini. "Umeleta nguo?"

"Nyanya," nikasema.

"Nyanya zimefanya nini?" akauliza Bwana Redio.

"Ni za Mjomba. Na figili. Na saladi, na matango. Zote ni za Mjomba. Waya ni wa kufungia nyanya, siyo wa redio. Mimi nilikuwa naziacha mlangoni kwa sababu naona haya."

Mjomba, hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Fundi alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake, ndipo akanyanyuka.

"Mjomba yupi?"

"Wa zipu."

Alikaa. Palikuwa na mkasi juu ya kiti, akaruka, akautoa, akakaa tena. Yule mteja juu ya stuli akasema, "Eh, leo sishuki hapa."

Bwana Redio akaitazama kola yake. "Kwa hiyo hili shati..."

"Nilikuwa nakushukuru kwa mboga," Fundi akamwambia.

"Na mimi nikadhani unanishukuru kwa redio!"

"Redio gani? Tangu uitengeneze inashika stesheni moja, tena ya taarifa za vifo!"

Hapo ndipo walipocheka wote, na Bwana Redio zaidi, ingawa kwanza alizungusha kikombe. Akauliza, "Sasa nilivue?" Fundi akasema, "Kaa nalo, ndugu yangu, limekukaa vizuri." Bwana Redio akasema na yale mafuta ya nywele atayamaliza tu, kwa kuwa chupa imeshafunguliwa. Nikampa nyanya. Aliila yote palepale, akasema mwenye nyanya kama hii hata yeye angemshonea shati.

Fundi akanigeukia. "Na huyo mjomba wako, kwa nini hakusema mwenyewe?"

Nikamjibu ukweli, kwamba ni ugonjwa wa ukoo wetu.

"Siku ile ya zipu," akasema, "nilimwambia asipumue kwa utani tu. Nikageuka kutafuta mkasi, narudi namkuta amekuwa mwekundu kama hizi nyanya. Nikajisemea, mwanamume huyu akiambiwa jambo, analitii mpaka afe." Halafu akawa anapanga nyanya dirishani, moja moja, kwa mstari. Alipomaliza akavuta kiti, akapanda, akateremsha kitambaa kutoka rafu ya juu kabisa. Ni cha kijivu, laini, na nadhani ni kizuri kuliko vyote mle ndani. Akakitandaza mezani akakipapasa kwa kiganja.

"Shingo yake ni namba ngapi?"

Nikasema sijui.

"Basi muulize."

Kwa hiyo nakuuliza. Na tafadhali, usimpe msimamizi jibu lake kabla hujanipa mimi langu. Kama umeshasaini, futa. Shingo yako ni namba ngapi?

Mpwa wako


Novemba 23

Profesa! Profesa wangu!

Marahaba elfu. Sijasaini. Msimamizi alikuja na karatasi asubuhi ile ile barua yako ilipofika, nikamwambia kalamu haitoi wino. Akanipa yake. Nikamwambia na hiyo haitoi. Ameondoka akitikisa kichwa.

Namba ya shingo siijui! Mtu wa miaka yangu sijui shingo yangu! Hapa kambini futi zote ni za chuma, zinakata. Nimejipima kwa kamba, nimekutilia humo ndani ya bahasha. Fundo la kwanza ndiyo shingo. Mpishi anasema nilikaza mno, kwa hiyo nimeweka fundo la pili, endapo nitataka kumeza. Kambi nzima walisimama kutazama na kila mmoja ana maoni yake juu ya shingo yangu.

Fundi alisema kweli kwamba siku ile ya zipu alikuwa anatania? Mimi nilijua ni sharti la kazi.

Sasa nisaidie. Ni shati tu analotaka kushona, au ni zaidi ya shati? Muulize. Hapana, usimuulize. Muulize, lakini uulize kama mtu asiyeuliza. Wewe umesoma vitabu, utajua njia.

Mjomba wako, ambaye leo amechomelea ndoo kwenye ngazi kwa kutotazama


Novemba 29

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo. Mama amejua yote na ameunguza mikate yote ya zamu moja, kwa furaha. Nyanya zinaiva kwa kasi kuliko tunavyoweza kula, miche niliyowagawia majirani nayo inazaa, na sasa watu wananisimamisha barabarani kuniuliza habari za magonjwa ya majani. Najibu. Sauti yangu bado ni ndogo lakini wanainama wanasikia.

Jana nilipeleka kamba yako. Safari hii niliingia bila kurudia sentensi yoyote.

Fundi aliinyoosha mezani, akaiweka sambamba na futi yake, akaitazama upande huu na upande ule. Akaninyooshea fundo la kwanza.

"Hii ndiyo shingo?"

"Ndiyo."

"Na hili la pili?"

"Anasema hilo ni la kumezea."

Alicheka mpaka akaegemea cherehani, nayo ikaanza kushona peke yake. Bwana Redio akachungulia kutoka kwake kuona kuna nini, akaonyeshwa kamba, akacheka na yeye. Fundi akafuta macho kwa pindo la kitambaa cha mteja. Kisha akakunja kamba yako vizuri, akaitia kwenye mfuko wa gauni lake, siyo kwenye kopo la kamba.

Nikauliza kama mtu asiyeuliza. Nilisema, "Mjomba ameambiwa aende daraja jingine, miaka miwili. Hajasaini. Sijui shati litakuwa tayari lini."

Alikuwa na mkasi mkononi. Akauweka chini.

"Kitambaa kama hiki," akasema, "mimi sikikati kwa kamba ya mtu. Mwambie ailete shingo yenyewe."

"Na mabega!" Bwana Redio akapaza sauti kutoka mlangoni.

"Na mabega," akasema Fundi. "Mwambie aje navyo vyote."

Dereva anaondoka na barua hii kesho asubuhi, na Jumatano anarudi huku na lori tupu. Nilikwenda mwenyewe mpaka stoo ya saruji nikamuuliza kama kile kiti cha pembeni yake kina mtu. Amesema hakina, na kwamba atakupigia honi pale kambini mpaka ushuke.

Mpwa wako